Ijumaa Ambayo Taratibu Hakuanguka

Uongo ule niliutunga mimi, simsingizii mtu. Niliutunga nikiwa kwenye cherehani yangu, pazia la mteja mapajani, mdogo wangu kasimama mlangoni analia mpaka kwikwi. Alikuwa amekuja mbio kutoka kwake, na viatu alivyovaa kimoja kilikuwa cha mumewe.

"Dada, Taratibu ameanguka kazini. Mguu umevunjika. Na bima iliisha Ijumaa!"

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Ili mnielewe, nianze na shemeji yangu. Mume wa mdogo wangu ni fundi wa dari, hizi dari nyeupe za jipsamu zinazopendeza mpaka watu wanasahau kutazama wanapokanyaga. Kazini wanamwita Pima Tena. Hilo ndilo neno lake toka asubuhi hadi jioni. Ukimletea kipimo, pima tena. Ukipima tena, anachukua tepu anapima mwenyewe. Siku ya harusi yao mpiga picha aliwaambia wasogee kidogo, na yeye akauliza, kidogo sentimita ngapi? Mdogo wangu alikubali kuolewa naye hivyo hivyo, mapenzi hayana macho.

Mimi nashona mapazia, na mara nyingine tunakutana nyumba moja, yeye anamalizia juu, mimi naanza madirishani. Hapo utani hauishi.

"Shemeji, mapazia yako unayapima kwa jicho. Ndiyo maana mengine yanafagia sakafu, mengine yanachungulia."

"Na wewe siku ya kuzikwa utaamka uwaambie waliochimba kaburi wapime tena."

Ana kundi la watu sita. Kazi zao ni za muda mfupi: siku tisa kwenye duka la dawa, siku kumi na mbili kwenye ofisi ya wakili, ikibahatika sana wiki tatu. Halafu kimya. Wanatawanyika, kila mtu anahangaika kivyake, mpaka Pima Tena apate kazi nyingine aanze kuwapigia simu mmoja mmoja. Katika hao sita, mkubwa ni Taratibu, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye kushuka ngazi tu kunamchukua muda wa mwenzake kushuka, kunywa maji na kurudi juu. Hajawahi kuvunja hata kikombe. Angeanguka mwingine yeyote ningesema haraka zake zimemponza.

Sasa hii habari ya bima. Miaka mitatu nyuma shemeji alikosa kazi ya shule kwa sababu mwenye shule alimwuliza, "Cheti cha bima ya wafanyakazi kiko wapi?" naye hakuwa nacho. Kazi ikaenda kwa jirani yake, ambaye dari zake zinabonyea katikati kama kitanda cha kamba. Pima Tena alirudi nyumbani amefura. Kesho yake akaanza kuzunguka ofisi za bima, na kila jioni sisi tukalazimika kusikiliza mezani, huku anatuchorea kwa kijiko juu ya kitambaa cha meza.

Ofisi ya kwanza walitaka akate bima ya mwaka mzima. Akawauliza, nafanya kazi miezi saba, hiyo mitano ataanguka nani, na kutoka wapi? Ofisi ya pili wakamwambia akate ya mwaka lakini kila mwezi apeleke hesabu ya mishahara aliyolipa, alipe kwa kadiri ya watu aliokuwa nao. Hiyo ni nzuri kwa mwenye karani. Yeye kumbukumbu zake zote anaandika kwa penseli nyuma ya vipande vya jipsamu, na vipande hivyo vinaishia kwenye dari za watu. Wengine wakamshauri ajiweke kwenye bima ya mkandarasi mkuu. Lakini kazi zake nyingi hazina mkandarasi mkuu, ni yeye na mwenye duka. Na pale alipokuwepo, siku moja aligundua kwamba bima ya bosi ilikuwa ya watu wa bosi, mafundi dari hawamo.

Mwishowe akapata ya kazi moja moja. Unapeleka mkataba, tarehe za kuanza na kumaliza, na majina ya watu wako. Wanakupa cheti cha kazi hiyo. Ukipata kazi nyingine, unakwenda tena. Safari nyingi, lakini aliipenda kwa sababu ina mwanzo na mwisho, na kitu chenye mwanzo na mwisho yeye anaweza kukipima.

Kazi tunayoizungumzia ilikuwa zahanati ya daktari wa meno, siku kumi na sita. Cheti kilibandikwa ukutani pale mapokezi, ndani ya mfuko wa plastiki, misumari minne kwenye pembe, kama mwenye jengo alivyotaka. Ijumaa wakafagia, wakakabidhi, daktari akasaini, wakaondoka. Na tarehe ya mwisho kwenye cheti ilikuwa hiyo hiyo Ijumaa.

Lakini dari ya jipsamu ina tabia yake. Ikishakauka, kwenye maungio hutokea nyufa nyembamba kama unywele. Fundi anayejiheshimu hurudi baada ya siku chache kuziziba. Halipwi, wala haandiki popote. Wao wanaita kwenda kuaga dari. Basi Jumanne Pima Tena aliazima jukwaa la magurudumu, akaenda na Taratibu kuaga. Yeye akiwa chumba cha pili anaongea na daktari, Taratibu akanyoosha mkono kufikia ufa wa mwisho, jukwaa likateleza. Gurudumu moja lilikuwa halijafungwa.

Hospitali walisema mfupa wa muundi umevunjika sehemu mbili, lazima wafungue waweke chuma, na isipite wiki, vinginevyo utaunga vibaya. Mguu ukiunga vibaya hutapanda ngazi tena, na fundi dari asiyepanda ngazi atakula nini? Walitaka ama malipo kwanza, ama barua ya dhamana kutoka bima. Pima Tena akasema atauza kiwanja chake. Sawa, lakini kiwanja hakiuzwi kwa wiki moja, na mfupa hausubiri dalali.

Ndipo nikautunga uongo wangu. Nilimwambia mdogo wangu anyamaze, anisikilize. Taratibu ameanguka Ijumaa, siku ambayo bima ipo. Akadhani ameteguka tu. Akajikaza Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne akazidiwa, akapelekwa hospitali. Kuna ubaya gani? Ameanguka kweli, mguu umevunjika kweli, tunarekebisha siku tu.

Mdogo wangu akaacha kulia. "Dada, una akili wewe."

Nikavimba kichwa, sikatai. Jioni ile ile nikaenda wodini kumfundisha Taratibu. Ni mtu mtiifu, alikuwa anaitikia tu, "Ijumaa. Haya. Ijumaa." Mkewe, ambaye kazi yake ni kufua nguo za watu na mikono yake inaonyesha hivyo, aliutazama ule mguu uliovimba, akanitazama mimi.

"Mguu wa namna hii mtu aukalie siku nne?"

"Mumeo kila kitu chake ni taratibu," nikamjibu. "Hata maumivu yanamfikia kwa kuchelewa."

Akacheka kidogo, halafu akajifuta macho. Aliyebaki hajacheka ni Pima Tena, ameegemea ukuta, anahesabu vigae vya sakafuni.

"Shemeji, mimi hayo sijui kuyasema."

"Husemi. Unaandika."

Jumatano asubuhi nikafuatana naye kwenye ofisi ya bima, nikifahamu fika kwamba nikimwacha peke yake ataharibu. Ofisi yenyewe iko juu ya duka la viatu, ngazi nyembamba, viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kulalamika. Nyuma ya meza alikaa binti mwenye mafua, leso mkononi, pua nyekundu. Hakututazama mara mbili. Alitusukumia fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi, akaendelea na kazi zake. Nikamshukuru Mungu kwa yale mafua, nikajua mtu mwenye pua inayochuruzika hachunguzi sana.

Shemeji akaanza kujaza. Jina la mkandarasi. Jina la aliyeumia. Akafika tarehe ya ajali, akanitazama. Mimi nikatazama kalenda ukutani. Akaandika ile tarehe ya Ijumaa kwa herufi ndogo, kama anayeogopa kuiamsha. Saa ya ajali akaandika saa nne asubuhi. Mahali, chumba cha kusubiria wagonjwa. Mimi moyoni nikasema, mambo si hayo, kumbe anaweza.

Kisha kalamu ikasimama. Swali lililofuata lilikuwa: aliyeumia alianguka kutoka urefu gani?

"Andika," nikamnong'oneza.

"Nitaandika ngapi?"

"Ule ule wa jana."

"Ijumaa hakukuwa na jukwaa, shemeji. Tulilirudisha Alhamisi. Ijumaa tulikuwa tunafagia."

"Basi andika mita mbili, yaishe."

"Mbili kutoka wapi hadi wapi?"

Nikampiga teke chini ya meza. Nilikosea, nikapiga mguu wa meza, kalamu zikaruka na binti akainua uso. Na yule mtu, Mungu ampe maisha marefu lakini asinipe tena safari pamoja naye, akaiweka kalamu chini vizuri, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma yetu waliisikia:

"Dada, naomba fomu nyingine. Hii nimeandika uongo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini chini kulikuwa na duka la viatu. Nikauona ule mguu unaunga vibaya. Nikamwona Taratibu kwenye kiti nje ya nyumba yake na fimbo, miaka ishirini ijayo, na mkewe anafua. Nilimchukia shemeji yangu kabisa, siwezi kuficha.

Binti akapiga chafya, akatoa fomu nyingine.  Pima Tena akaijaza sasa bila kusita, kalamu inatiririka. Jumanne. Saa tatu na robo. Mita mbili na sentimita arobaini, kutoka ubao wa jukwaa hadi sakafuni. Gurudumu la nyuma kulia halikufungwa, na hilo ni kosa langu kwa sababu sikulikagua. Jamani, hata hilo? Nani aliuliza?

Binti akaisoma yote.

"Kazi mlikabidhi lini?"

"Ijumaa."

"Na Jumanne mlifuata nini?"

"Tulikwenda kuaga dari." Akamweleza habari ya nyufa na maungio, na jinsi fundi anavyorudi. Akachora kwa kidole juu ya meza, kama kawaida yake.

"Cheti mnacho?"

Alikitoa kwenye mkoba pamoja na kadi ya hospitali; cheti bado kimo ndani ya plastiki na matundu yake manne ya misumari. Binti akakichomoa, akakigeuza, akasoma upande wa nyuma. Akainuka na faili letu, akaingia chumba cha ndani, mlango ukafungwa.

Tulikaa nusu saa. Katika hiyo nusu saa nilimwambia shemeji yangu kila nilichokuwa nimemwekea tangu siku ya mahari. Nilimwambia ukweli wake utamlaza mwenzake kilema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kiwanja nitauza hata kwa bei ya kutupa," akasema. "Leo hii. Lakini nikiandika mita mbili, kila nikipanda ngazi nitaikumbuka."

Nikafungua mkoba wangu, nikajifanya natafuta sindano.

Binti akatoka. Alikuwa amekishika kile cheti kwa ncha za vidole.

"Baba, umewahi kusoma nyuma ya hii karatasi?"

"Nyuma kulikuwa na ukuta, dada."

Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza, akakohoa, akajifuta. Kisha akatusomea. Bima itaendelea kwa siku thelathini baada ya kazi kukabidhiwa, kwa ajili ya kurudi kurekebisha kasoro, kwa wafanyakazi walioorodheshwa tu.

"Mkataba wako na daktari wa meno una siku thelathini za marekebisho. Sisi tunafuata mkataba. Na huyu aliyeumia yumo kwenye orodha, namba mbili. Hii sehemu huwa naiweka mwenyewe kwa mafundi dari wote. Sijamwona fundi dari asiyerudi."

"Kwa hiyo?" nikauliza, maana shemeji alikuwa ameganda.

"Kwa hiyo amelipiwa. Matibabu, na sehemu ya mshahara wake kipindi atakachokaa bila kazi. Barua ya dhamana wanaipiga muhuri sasa hivi."

Pima Tena akasema, "Soma tena." Akasomewa tena. Akaomba karatasi akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, mara ya tatu. Kisha akalaza paji la uso juu ya meza ya watu, mabega yanatikisika. Mimi nikawa nampigapiga mgongoni huku nami machozi yananitoka, na mtu aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akatupa pole akidhani tumefiwa.

Kabla hatujaondoka, binti aliichukua ile fomu ya kwanza, ile ya Ijumaa. Hakumpa shemeji. Alinipa mimi.

"Mama, hii nadhani ni yako. Kadi ya hospitali imeandikwa Jumanne, alipokelewa saa nne, ajali ya asubuhi ile ile. Mngeniletea hii, ningelazimika kuyakataa madai yote."

Yote. Niliikunja, nikaitumbukiza chini kabisa ya mkoba, kati ya nyuzi na sindano. Kwenye ngazi nikakaa pale pale, na hapo ndipo nilipomwomba radhi mume wa mdogo wangu. Sijawahi kumfanyia hivyo na sina mpango wa kurudia. Akasema, "Yameisha, shemeji," akanishika mkono kuniinua. Tukampigia mdogo wangu simu, akapiga kelele mpaka ikabidi niiweke simu mbali na sikio. Nilijisikia mwepesi siku ile, kama mtu aliyetua ndoo.

Tulipofika wodini, Taratibu alitukazia macho, na kabla hata ya salamu akasema, "Ijumaa!"

Mkewe akashika kichwa. "Toka asubuhi yuko hivyo. Daktari kamwuliza amekula lini mara ya mwisho, kasema Ijumaa. Wamemtundikia maji."

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutukaripia. Pima Tena akavuta kiti, akamweleza kila kitu pole pole: hakuna Ijumaa tena, ni Jumanne, na bima ipo. Muuguzi alipoisikia hiyo barua ya dhamana naye akachangamka, akaenda kumwita daktari, akarudi kusema kesho asubuhi anaingia chumba cha upasuaji. Mke wa Taratibu alikaa chini sakafuni, akawa anatikisa kichwa tu na kuvuta pumzi ndefu.

"Nisomee hiyo barua," Taratibu akasema.

Shemeji akasoma. Ilikuwa fupi, na ya lugha kavu. Tunathibitisha kugharimia matibabu ya mfanyakazi aliyetajwa hapa chini, na hapo chini likawepo jina lake kamili, ambalo mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa silijui.

Taratibu akainua mkono. "Hapo. Rudia."

"Tunathibitisha kugharimia matibabu ya mfanyakazi..."

"Mfanyakazi. Ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

Taratibu akaigusa barua kwa kidole. Toka ujana wake alikuwa mtu wa siku tisa hapa, siku kumi na mbili kule. Aliitwa kibarua, aliitwa yule mzee, aliitwa wewe. Mkewe alikuja kuniambia baadaye kwamba shuleni walipowauliza watoto baba zao wanafanya kazi wapi, wa kwake walikuwa wanaandika, popote.

"Mfanyakazi wa nani?" akauliza.

Pima Tena aliikunja barua katikati, akaikunja tena, kingo kwa kingo.

"Wangu," akasema. "Mwaka wa kumi na moja huu."

Taratibu akageuzia uso dirishani, na sisi tukajifanya tunapanga vitu kwenye kabati.

Kesho yake walipokuja kumchukua, alitaka kuingia na ile barua. Muuguzi akamwambia ndani hakuingii karatasi. Basi akampa mkewe, akamwambia aishike vizuri. Walimrudisha saa nane mchana, mguu umenyooka, na mkewe bado ameishika.